Mafuriko Eastlands: Vita dhidi ya hali mbovu ya hewa vianzie mitaroni

SEPTEMBA 2023, viongozi wa mataifa ya Afrika walikutana katika jumba la KICC, Nairobi, na kupitisha Azimio la Nairobi kuhusu mabadiliko ya hali ya hewa. Miezi saba baadaye, Aprili 2024, Mto Mathare ulivunja kingo zake na kuyasomba mabanda ya wakazi, kilomita chache tu kutoka ukumbi huo. Masika hayo yaliangamiza zaidi ya watu 250 kote nchini.

Matukio hayo yanazua swali ambalo wakazi wa Eastlands wamekuwa wakijiuliza kila mawingu yanapotanda. Je, serikali ya jiji inaweza kufanya nini kuhusu tatizo ambalo chanzo chake kikuu ni moshi wa viwanda na magari ya mataifa tajiri?

Wapo wanaosema kwamba haiwezi lolote. Hata hivyo, wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution, katika uchunguzi waliotoa Mei 2024, walikadiria kuwa ongezeko la joto duniani lilizidisha ukali wa mvua hiyo kwa takriban asilimia 5. Walitaja pia ukuaji wa haraka wa miji ya Afrika Mashariki kuwa miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya mafuriko. Kwa hivyo, sehemu kubwa ya maafa inategemea kile ambacho maji hukutana nacho yakishafika ardhini, na hapo ndipo wajibu wa jiji unapoanzia.

Katiba ya 2010 haikuacha shaka kuhusu wajibu huo. Serikali ya Kaunti iliyochukua mahali pa Baraza la Jiji mwaka wa 2013 ilikabidhiwa mitaro ya maji ya mvua, uzoaji wa taka, huduma za maji na usafi, pamoja na upangaji wa ujenzi. Sheria ya Mabadiliko ya Hali ya Hewa ya 2016 nayo ikazitaka kaunti zote kulijumuisha suala hilo katika mipango yao ya maendeleo. Nairobi ina hata mpango wake maalumu wa mwaka wa 2020 hadi 2050. Jiji halijakosa sheria wala mpango.

Kinacholiponza ni kazi za kila siku zisizotendwa. Mito ya Nairobi, Mathare na Ngong hutiririka kutoka magharibi kuelekea mashariki, kwa hivyo maji ya mvua inayonyesha Westlands na Dagoretti huishia Eastlands. Huko ardhi ni tambarare, na sehemu kubwa ina udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hunywa maji polepole. Kila uwanja unaotiwa lami au saruji upande wa juu huyaongezea maji hayo kasi kabla ya kufika Mathare, Korogocho au Mukuru.

Yanapofika huko, hukuta mitaro imeziba. Lori la taka lisipopita, mwenye uwezo humlipa mzoaji wa kibinafsi na asiye nao hutupa taka mtaroni. Mvua ikinyesha, uchafu huo huchanganyika na maji taka na kuingia katika vyumba ambamo watoto hulala.

Jaa la Dandora linaeleza hali hiyo kwa ufupi. Lilifunguliwa katika miaka ya sabini kando ya Mto Nairobi, likatangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001, na Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru kwamba lihamishwe. Hata baada ya uamuzi huo, malori yaliendelea kumwaga taka papo hapo. Taka zinazooza hutoa gesi ya methani, ambayo huongeza joto duniani. Kwa hivyo, jaa hilo huwadhuru wakazi wa Dandora kwa moshi na uvundo, na kuchangia tatizo lile lile lililojadiliwa KICC.

Suala la pili ni vibali vya ujenzi. Aprili 29, 2016, jengo la makazi liliporomoka Huruma baada ya mvua kubwa na kuua takriban watu 50. Lilikuwa limejengwa karibu na mto, na lilikuwa limewekewa alama ya kubomolewa. Huko Umoja, Kayole na Pipeline, majumba marefu ya kukodisha yamesongamana hadi nafasi ya maji kupita imekuwa finyu. Kila moja la majengo hayo lilipaswa kupita katika ofisi za jiji kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Mei 2024, Serikali Kuu ilituma tingatinga kubomoa makao yaliyokuwa kando ya mito, na Rais William Ruto akaahidi kila familia iliyoathirika Sh10,000. Hakuna anayepinga kwamba kuishi ukingoni mwa mto ni hatari. Lakini wengi wa waliofurushwa walikuwa wapangaji, na fedha hizo haziwezi kumweka mtu kwa muda mrefu katika nyumba iliyo salama. Anayefukuzwa ukingoni bila kuonyeshwa pa kwenda hutafuta chumba cha bei nafuu, na chumba cha aina hiyo mara nyingi huwa bondeni au kando ya mto mwingine.

Njia tofauti ilijaribiwa Mukuru. Agosti 2017, kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango. Wakazi, wakishirikiana na Muungano wa Wanavijiji, vyuo vikuu na mashirika kadhaa, walishauriana kuhusu barabara, mitaro, maji na nyumba. Baada ya Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi (NMS) kuundwa mwaka wa 2020, barabara na mabomba ya maji taka yalianza kujengwa.

Mukuru si hadithi ya ushindi mtupu. Mwishoni mwa 2021, maelfu ya wakazi wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba ili kupisha ujenzi wa barabara, na mafuriko ya 2024 yaliufikia mtaa huo. Hata hivyo, ulionyesha kwamba mtaa wa mabanda unaweza kuwekewa mitaro na mabomba bila kwanza kuwatimua wote wanaoishi humo.

Mtihani unaofuata uko katika mitaa ambako kaunti yenyewe ndiyo mwenye nyumba. Kaloleni, Maringo, Bahati na Jericho zilijengwa zikiwa na nafasi wazi kati ya nyumba, na nafasi hizo hunywa maji ya mvua na kupunguza joto. Mitaa kadhaa ya aina hiyo imo katika mpango wa kujengwa upya kwa maghorofa. Nyumba zaidi zinahitajika, lakini nyasi hizo zote zikifunikwa kwa saruji bila mitaro mipana, kaunti itakuwa imetengeneza mafuriko mapya katika ardhi yake yenyewe.

Serikali Kuu nayo imejitosa. Ilianzisha mpango wa ClimateWorX mwaka wa 2024 ili kuwaajiri vijana kusafisha mito ya jiji, na mwaka wa 2025 ikazindua mradi wa kufufua Mto Nairobi. Ajira hizo ni za maana kwa vijana wa Korogocho na Mathare. Lakini mto hauwezi kusafishika iwapo mitaro ya mitaani itaendelea kuutapikia taka kila mvua inaponyesha.

Kwa hivyo, kipimo cha kaunti ni bajeti yake ya kila mwaka. Mwananchi ana haki ya kushirikishwa kabla ya bajeti hiyo kupitishwa, na wakazi wa Eastlands wafike katika vikao hivyo wakiwa na maswali machache: wadi yao imetengewa kiasi gani cha kuzibua mitaro kabla ya masika na vuli, lori la taka litapita siku gani, na ni nani aliyetia sahihi kibali cha jengo lililoziba njia ya maji. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika mabonde ya Mathare ukuta huo umekuwa ukigharimu maisha ya watu.