Huruma Iliyopita Mpaka

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa nyoyo na Mjuzi wa yaliyofichikana ndani yake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, mwezi huu twapenda kusema nanyi, ndugu zetu wasomaji, na khasa akina mama, juu ya maradhi ya nyumbani ambayo kwa sura yake ya nje yafanana na wema, na kwa sababu hiyo ni wachache wayatambuao kuwa ni maradhi.

Sisi wakazi wa kando ya ziwa twajua kuwa dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi hupandishwa mchangani na wavuvi hurejea majumbani mwao na fedha waliyoichuma. Kwa nyumba nyingi siku hizo ni za furaha. Lakini ziko nyumba ambazo mke huutazama mwezi ukikua naye akaingiwa na hofu, kwani ajua ya kuwa mumewe atashuka kutoka visiwani, na fedha itaishia kilabuni kabla haijafika jikoni.

Na tupige mfano wa mwanamke kama huyo, auzaye dagaa pale Mwaloni Kirumba. Mumewe akikopa pombe, yeye hulipa. Mumewe asipoweza kwenda kazini kwa ulevi, yeye humwambia tajiri wa mtumbwi kuwa mgonjwa ana homa. Huamka alfajiri kusafisha uchafu watoto wasiuone, na wakiuona huwakataza wasiseme. Halali mpaka asikie hatua za mumewe mlangoni. Ukimwuliza, “Wewe hali yako?” atakujibu kwa hali ya mume: akiwa mzima leo, naye ni mzima, akilewa, dunia imemwangukia. Miaka kumi hupita hivyo, na ulevi haupungui. Utapunguaje? Kila hasara iliyompasa mlevi kuionja, mkewe amekwisha kuimeza kabla haijamfikia.

Wala jambo hili si la wake peke yao. Yuko mama alipaye kila mwezi madeni ya mwanawe mcheza kamari ya mpira. Yuko kaka aliyeacha kuoa kwa kumtumikia nduguye mvuta bangi. Yuko mume ambaye hathubutu kusema neno asije akamkasirisha mkewe. Wote hawa hujiita wenye huruma. Kweli huruma wanayo, lakini imepita mpaka wake.

Wataalamu walianza kuitazama hali hii kwa jamaa za walevi. Huko Marekani, mwaka 1935, walevi waliotaka kuacha ulevi waliunda chama cha kusaidiana. Na mwaka 1951 wake na jamaa zao wakaunda jumuiya yao wenyewe, Al-Anon, kwani walitambua kuwa nao wameumia na wahitaji tiba yao. Mwaka 1986 mwandishi Melody Beattie akatoa kitabu kilichoieneza sana habari ya hali hii. Jina waliloipa laweza kuelezwa kwa lugha yetu kuwa ni kutegemeana kulikopita mpaka: mmoja hutegemea kuokolewa, na wa pili hutegemea kuokoa. Haikuorodheshwa kuwa ni ugonjwa wa peke yake katika vitabu ambavyo madaktari hupimia maradhi ya akili. Basi asishangae mtu asipoandikiwa jina hilo. Lakini mazao yake, yaani kukosa usingizi, huzuni isiyoondoka na wasiwasi usio na mwisho, madaktari wayajua na huyatibu.

Sasa twasikia swali: “Je, hii si subira tuliyoamrishwa?” Twajibu: la, hasha! Subira ni kuthibiti katika haki, wala si kuipa nguvu batili. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kumnusuru ndugu yetu akiwa mwenye kudhulumu au mwenye kudhulumiwa, na masahaba walipouliza namna ya kumnusuru dhalimu, alibainisha kuwa ni kumzuia asidhulumu. Basi amlipiaye mlevi deni la pombe hakumnusuru. Amemshika mkono akamvusha kwenye dhambi nyingine. Tena tukumbuke kisa cha Salman na Abu Dardaa. Salman alipomwona nduguye amejisahau, yeye na mkewe, kwa wingi wa saumu na sala, alimkumbusha kuwa nafsi yake nayo ina haki juu yake, na Mtume (S.A.W.) akamsadikisha Salman. Ikiwa ibada yenyewe haikuruhusiwa kuimeza nafsi ya mtu, seuze ulevi wa mtu mwingine? Na Nabii Nuhu (A.S.) alimwita mwanawe kwa mapenzi yote ya mzazi, lakini hakuweza kumpandisha safinani kwa nguvu. Hakuna nafsi itakayobeba dhambi za nafsi nyingine.

Swali la pili: “Je, kumweleza mtu baki mambo ya nyumbani si kusengenya na kufichua siri?” Hindi binti Utba alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) akamshitaki mumewe, Abu Sufyan, kuwa ni bakhili, hampi yamtoshayo yeye na wanawe. Mtume hakumkemea kwa kusema. Alimwonyesha njia, achukue kinachowatosha kwa wema. Na Imamu Nawawi katika Riyadhus-Salihina ametaja yanayoruhusu kumsema mtu, na miongoni mwake ni kutafuta msaada wa kuondoa ubaya. Kumweleza jirani kisimani ni jambo moja. Kumweleza awezaye kutibu ni jambo jingine.

Na atakayesema kuwa tiba ya nafsi kwa maneno ni mambo ya Wazungu, basi na ajue kuwa mwanachuoni wa Kiislamu, Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 wa Miladi, aliandika kitabu juu ya afya ya miwili na nafsi, akaeleza kuwa nafsi huugua kama mwili uuguavyo, nayo ina tiba yake.

Aende wapi basi mwenye kuhitaji? Aanze na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, aeleze kwa uwazi: hasemi tu kichwa chamwuma, bali aseme halali, analia, na nyumbani kuna mlevi. Aombe kuonana na mshauri nasaha. Jijini Mwanza iko hospitali ya rufaa ya mkoa, Sekou Toure, na juu ya kilima iko Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, yenye idara ya maradhi ya akili. Wako pia maofisa wa ustawi wa jamii katika halmashauri, ambao kazi yao ni migogoro ya nyumba kama hizi. Kama ni mgogoro wa ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeweka mabaraza ya usuluhishi, nayo yalingana na mafundisho ya Suratun-Nisaa, aya ya 35, juu ya wasuluhishi wa pande mbili. Lakini baraza husuluhisha watu wawili. Jeraha la nafsi ya mmoja lahitaji mganguzi wake.

Wala asizuiwe mtu kwa kuwa mshauri si Mwislamu. Katika Hijra, Mtume (S.A.W.) alimwajiri Abdallah bin Uraiqit awe kiongozi wa njia, naye alikuwa bado katika dini ya Makureshi; alichaguliwa kwa ujuzi na uaminifu wake.

Mshauri mwema ana alama zake. Amesomea kazi hiyo, na ukimwuliza alikosomea hakasiriki. Hutunza siri. Ada yake huitaja mapema. Hakuamrishi siku ya kwanza uachike wala uvumilie. Hukusaidia kupambanua lililo lako na lisilo lako, na kukuzoeza kusema “hapana” bila ya matusi wala machozi. Tiba yake si sindano ya siku moja, bali ni mazungumzo ya majuma mengi. Mwanamke na aombe mshauri mwanamke. Akikosekana, basi mlango uwe wazi au maharimu awe karibu, ili kuepuka faragha iliyokatazwa. Na amwuzaye limbwata la kumtuliza mume, huyo si mshauri, ni mwizi.

Mambo mawili twayasisitiza. La kwanza, mlevi wa miaka mingi asifungiwe chumbani akatishwe pombe ghafula, kwani huweza kupatwa na degedege na hata kufa, apelekwe hospitali. La pili, palipo na kipigo hapaanzwi na nasaha, bali na usalama: aende kwa wazee wake, na polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto.

Nanyi maimamu na walimu wenzetu, mama akija kwenu na machozi, msimrudishe kwa neno la “subiri” peke yake. Msomeeni dua, kisha mwonyesheni njia ya kwenda kwa wajuzi. Siku atakapokataa kulipa deni la pombe, mumewe ataghadhibika na jamaa watamwita mkatili; siku hiyo ndiyo atakayowahitaji ninyi msimame upande wake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitengeneze nyumba zetu, awaongoe waliopotea, na awape wanaowapenda nguvu ya kupenda bila ya kuangamia. Amin.