Tuzo Haijui Kufungua Ndiva

Kuna maneno manne yanayofunga mjadala huku kwetu haraka kuliko rungu la mwenyekiti: "Huyo amepewa tuzo Ulaya." Yakishatamkwa, wazee wanatazamana na kunyamaza, hata kama mwenye tuzo anaeleza jambo ambalo wao wamelifanya kwa mikono yao tangu ujana. Tumeamini kwamba tuzo ya kitaaluma ni cheti cha kujua: aliyenayo anajua, asiyenayo bado anajaribu. Mimi naikataa imani hiyo, na nitaikatalia Vudee, milimani Same, kwa kutumia taaluma ambayo watu hudhani haina uhusiano wowote na mlima, yaani sayansi ya siasa.

Kwa asiyefika Upareni, ndiva ni bwawa dogo linalokinga maji ya mfereji usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe kwa nguvu moja yafike shambani, badala ya kunywewa na mchanga njiani. Si ukuta tu. Nyuma ya ukuta kuna zamu, nyuma ya zamu kuna kamati, na kamati ina faini inayomsubiri asiyetokea siku ya msaragambo wa kuzibua mfereji. Maji yakitoka Vudee yanateremka Bangalala, ambako nako kuna ndiva na watu wenye mahindi yanayokauka. Kwa hiyo wa juu na wa chini imewabidi wapatane nani akinge lini, na wa juu amekubali kubanwa ingawa mteremko uko upande wake. Mamlaka, sheria, adhabu, mapatano na jirani: kama hiyo si siasa, basi siasa ni magari ya matangazo wakati wa uchaguzi.

Sasa mtazame Elinor Ostrom. Akiwa Los Angeles alitaka kusomea udaktari wa uchumi, akakataliwa kwa sababu hesabu zake hazikutosha, akaenda kwenye sayansi ya siasa. Akaandika tasnifu, akaimaliza mwaka 1965, kuhusu watu wa California waliokuwa wakigombea maji ya visima na namna walivyojiwekea utaratibu. Kitabu chake cha mwaka 1990 kiliwatazama wakulima wa mifereji ya Hispania na Ufilipino, wavuvi, wafugaji wa milimani Uswisi. Hoja yake ni kwamba watu wanaotumia mali ya pamoja wanaweza kuitunza kwa kanuni zao wenyewe, bila kungoja serikali wala tajiri wa kuinunua. Mwaka 1999 alipewa Tuzo ya Johan Skytte kule Uppsala, ambayo ni kubwa sana miongoni mwa wanasayansi ya siasa. Mitaani hakuna aliyegeuza shingo. Mwaka 2009 akapata Nobeli ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata, na hata wachumi kadhaa walikiri kwamba hawakuwa wamewahi kumsikia.

Katika miaka ile kumi hoja yake haikuzidi kuwa kweli. Kilichozidi ni kelele. Na mkulima wa Vudee, ambaye kwake hoja hiyo ni zamu ya Jumanne, hakuzidi wala hakupungua. Simwonei Ostrom, nampenda kuliko wengi waliotuzwa, kwa sababu alikwenda kuuliza watu. Lakini tunaposema alituzwa kwa kugundua, tuseme sawasawa: alituzwa kwa kuwathibitishia wasomi wenzake, kwa lugha yao, kitu ambacho wenye mifereji hawakuhitaji kuthibitishiwa.

Ni kazi kubwa, sikatai. Ila ni kazi ya mkalimani.

Imani hii inaumiza zaidi kwa wanafunzi. Chama cha wanasayansi ya siasa cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1903, hutoa kila mwaka tuzo za tasnifu bora, kitabu bora, makala bora. Mwanafunzi wetu anazisikia, naye anaanza kuandika akimtazama hakimu. Anachagua swali ambalo hakimu atalielewa, anatumia maneno ambayo hakimu anayapenda, na mzee wa ndiva anabaki kuwa "mhojiwa namba kumi na mbili." Halafu tuzo yenyewe huja kazi ikiwa imekwisha. Inamfikia aliyekuwa na nauli tangu mwanzo. Yule aliyeishia Same mjini kwa sababu hela ya kupandia mlimani haikuwepo, hatashindana na mtu. Ukitaka kumheshimu mtafiti, mpe nauli kabla ya ngao.

Nitaambiwa ni wivu, au kwamba tuzo huamsha ari. Ari ya nani? Mwishoni mwa miaka ya sitini mtafiti Jean O'Barr alikuja Upareni kuandika tasnifu juu ya mabalozi wa nyumba kumi. Mwaka 1971 ikatoka Dar es Salaam juzuu ya insha juu ya mabalozi hao hao, iliyohaririwa na J. H. Proctor, na waandishi wake walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu waliorudi vijijini kuuliza balozi anafanya nini hasa. Anayetaka leo kujua chama tawala kilivyoingia hadi mlangoni mwa nyumba, anaanzia kwenye kazi kama hizo. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza zilipata tuzo gani.

Na kuna Isaria Kimambo, Mpare, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa milima hii na mwaka 1969 akachapisha historia ya siasa ya Wapare. Baadaye aliandika juu ya mbiru, kodi iliyomkadiria kila mtu kwa mali yake, ambayo mwaka 1945 iliwateremsha maelfu ya wanaume hadi Same na kuwaweka pale, mpaka wake zao nao wakaingia kwenye ugomvi. Kodi ilifutwa. Yeye alipata uprofesa, na alistahili. Wale walioketi Same walipata mavumbi. Nani kati yao alijua siasa zaidi?

Basi nina pendekezo kwa yeyote anayegawa tuzo za utafiti unaotuhusu. Tasnifu iliyoandikwa juu ya Vudee isomwe Vudee kwanza, kwa Kiswahili, siku ya msaragambo, mfereji ukishazibuliwa na watu wameketi na makande yao. Waamuzi tuwe sisi Wapare, ambao nchi nzima inatutania kwamba tutauza ng'ombe kuendesha kesi ya kuku. Mwandishi atakayeteremka mlima ule bila kurudishiwa ukurasa hata mmoja akaurekebishe, ngao yake nitainunua mimi.