Miguu Mizito ya Mshindani

Wewe kijana wa Kamina ushindanaye kwa baiskeli (kinga, tusemavyo huku), mvua zikikoma mwezi wa tano hutoka alfajiri kujizoeza katika njia za mchanga. Mwanzo huenda vizuri. Kisha miguu inakuwa mizito. Mwenzako anakuambia, "Ongeza mazoezi, wewe mvivu." Mwingine ananong'ona kwamba umerogwa. Mimi nasema wote wawili wamekosa.

Mtazame Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985. Alijizoeza kwa baiskeli za milimani pamoja na David Kinjah, huko Kikuyu. Nani angemwita mvivu? Lakini mwaka 2010 alipopimwa alionekana ana kichocho, minyoo midogo ikaayo ndani ya mishipa na kula damu. Akapewa dawa. Mwaka 2013 alishinda Tour de France.

Kichocho huingia kwa ngozi, katika maji yaliyotulia yenye konokono. Na wewe, ukirudi umejaa vumbi, baiskeli unaiosha wapi? Mtoni, na miguu yako majini!

Basi uchovu usiokwisha hata ukipumzika, au damu katika mkojo au choo, usiupeleke kwenye mashindano. Upeleke hospitali kwanza. Watapima mkojo, choo na damu, kwa maana malaria nayo hulegeza mwili. Dawa ya kichocho hupimwa kwa uzito wa mtu; usimeze ya jirani. Shindano likikupita, si kitu, litakuja lingine. Na baiskeli ioshwe nyumbani, kwa maji ya kisima.