Mbwa wako analinda nini?

Ndugu mfanyakazi, mbwa wa kambi ana kazi yake: analinda nyumba wakati baba yuko zamu ya usiku. Paka naye anafukuza panya kwenye mihogo. Ni vizuri. Lakini ukiuliza karti ya chanjo ya mbwa, mwenyewe anacheka. Wengine wanasema sindano inamwondolea mbwa ukali, hatabweka tena mwizi akija. Maneno ya bure! Chanjo haigusi ukali wake. Inamkinga na raji, yaani kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huo uko katika mate ya mnyama mgonjwa. Akiuma, unaingia katika mishipa ya fahamu na kutembea polepole mpaka kwenye ubongo. Mara nyingi miezi miwili au mitatu inapita, kidonda kimepona, watu wamesahau. Siku mgonjwa anapoanza kuogopa maji, hakuna dawa tena ya kumponya. Inakadiriwa kwamba watu 59,000 wanakufa hivyo kila mwaka ulimwenguni, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wanne katika kumi ni watoto chini ya miaka 15. Mtoto ndiye anayecheza na mbwa, na ndiye anayeficha kidonda kwa kuogopa fimbo.

Wako wanaotaka mbwa wote wa barabarani wapigwe risasi. Mimi sikubali. Yule wako wa nyumbani atabaki bila chanjo, na wengine watakuja kutoka Kiliba au Sange. Kwenye kisiwa cha Pemba, Tanzania, walichanja mbwa miaka kadhaa, na mwaka 2014 raji ikakwisha. Mwaka 2016 ikarudi kutoka nje, wakachanja tena, ikaondoka mwaka 2018. Kama inafika mpaka kisiwani, je, sisi wa Uvira wenye bandari ya Kalundu na barabara ya Bujumbura?

Wataalamu wanataka mbwa 70 katika 100 wachanjwe. Kwa hiyo naomba shefu wa kambi na wajumbe wa wafanyakazi waweke sheria: asiye na karti asifuge mbwa. Kampuni nayo, inayotununulia kofia na viatu vya shimoni, imlete mganga wa wanyama kambini kila mwaka.

Mtoto akiumwa, osha kidonda dakika 15 kwa sabuni na maji mengi. Acha jiwe jeusi, acha pilipili na mafuta ya gari. Umlete dispanseri siku ile ile, hata Jumapili. Siku hizi sindano inapigwa mkononi, si tumboni kama zamani. Mbwa usimwue haraka, wala usimle. Ukiweza bila hatari, mfunge siku 10, umpe chakula na maji kwa mbali, nasi tutamwangalia. Mtoto asingoje siku hizo ziishe ndipo aanze sindano. Na akiumwa na paka, fanya vilevile.