MWENYEJI SIYO STENDI YA KAMERA: Kapo Yazungushwa Dar Siku Nzima, Mwenyeji Abaki Mkono Tu Kwenye Picha!

Kuna picha moja imetembea sana mitandaoni hizi siku mbili tatu. Ni ya kapo moja kutoka Dodoma, majina kapuni, wale wanaopenda kuvaa sare na kuandikiwa "Mungu awatunze" kila wakiposti. Wamesimama Posta, chini ya Sanamu ya Askari, jua la asubuhi linawapiga vizuri, bidada kacheka mpaka jino la mwisho. Picha kali, hakuna ubishi. Ila pembeni kabisa, upande wa kushoto, kuna mkono. Mkono tu, hauna mwenyewe. Umeshika pochi ya kike na chupa ya maji.

Watu wa mitandaoni wana macho bwana. Komenti ya kwanza: "Huo mkono wa nani?" Ya pili: "Wa malaika mlinzi huo." Vikawa vicheko mtindo mmoja, mpaka mwenye mkono alipoibuka mwenyewe: "Mkono ni wangu. Picha zote mnazoziona hapo nimepiga mimi. Hiyo moja alipiga mpita njia, nikaambiwa nisogee kidogo."

Hapo ndipo moto ulipowaka. Maana juu ya picha kapo walikuwa wameandika: "Dar tumeizunguka wawili tu, mapenzi ndiyo ramani yetu."

Kwa maelezo aliyoyamwaga jamaa kwenye komenti, ambayo mpaka sasa hakuna aliyeyakanusha, yeye na huyo mwanaume wa kapo ni marafiki toka shule ya bweni. Walilala dekа moja, huyu juu yule chini, wakagawana sabuni na daftari. Maisha yakawatenganisha, mmoja akabaki Dodoma, mwingine akaja kutafuta Kariakoo, anauza kava na chaji za simu. Siku zote wakiongea kwenye simu ni "mwanangu lini unakuja Dar?" Safari hii mwanangu akaja kweli. Wakapanda zao treni ya SGR Ijumaa, na tangu treni hiyo ianze kwenda Dodoma mwaka 2024 mtu anaamka na wazo la kuja Dar na jioni anaoga maji ya Dar. Meseji ikatumwa: "Oya kesho tuzungushe mji, shemeji yako hajawahi kufika."

Kesho yake ni Jumamosi. Mtu yeyote aliyewahi kushika biashara Kariakoo anajua Jumamosi ni siku gani. Jamaa akafunga.

SIKU YENYEWE ILIKUWAJE?

Walianzia Posta. Akawapitisha Azania Front, kanisa la Walutheri walilojenga Wajerumani, lile lenye mnara na vigae vyekundu linalotazama bahari. Wakapiga picha. Akawapeleka kwenye Sanamu ya Askari, akawaelezea kwamba imesimama pale tangu 1927, ni kumbukumbu ya Waafrika waliokufa kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, askari pamoja na wapagazi waliowabebea mizigo. Akawaambia na Kariakoo jina lake limetokea hukohuko, Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, mdomo wa Mswahili ukaligeuza likawa Kariakoo. Yaani mtu anasimulia habari za wapagazi huku kashika pochi ya watu. Na picha ya mkono imepigwa palepale.

Kutoka hapo Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, kwenye habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Mchana wakashuka Feri. Feri siyo sehemu ya kwenda kichwa kichwa. Ukiingia na uso wa mgeni, samaki mmoja anauzwa bei ya watatu. Jamaa akaongea na watu wake, samaki wakanunuliwa kwa bei ya mjini, wakapelekwa kwa wakaangaji palepale, wakala na ndizi. Wakapanda pantoni kwenda Kigamboni, ile ya shilingi 200 kwa mtembea kwa miguu, shemeji akapiga kelele za furaha kama kapanda ndege. Wakapunga upepo, wakarudi na bajaji kwa kupitia daraja. Kariakoo wakapita haraka, akawaonya simu ziingie ndani. Jioni Coco Beach, mihogo ya kukaanga na kachumbari, jua linazama.

Siku tamu kweli. Sasa jiulize, hiyo "ramani" ilikuwa mapenzi au ilikuwa mtu?

"ALIJITOLEA MWENYEWE"

Hii ndiyo hoja ya wanaoitetea kapo, na ni wengi. Wanasema hakuna aliyemlazimisha. Wanasema rafiki wa kweli hahesabu. Wanasema akaunti ni ya kapo, watu wanafuata mapenzi yao, mtu wa tatu anatafuta nini kwenye picha? Kuna mmoja kaandika, "Anatafuta kiki tu huyo, biashara ya kava imedoda."

Kwenye picha wana haki. Hakuna anayesema kila selfi ya wapenzi lazima iwe na shemeji katikati kama mshenga. Mtu akitaka picha ya wawili, apige ya wawili. Jamaa mwenyewe hakulalamikia hilo, kapiga picha siku nzima na wala hakununa. Kilichomchoma ni maneno mawili, "wawili tu". Kukaa nje ya picha ni jambo la kawaida. Kuambiwa hukuwepo, wakati jasho lako bado halijakauka kwenye shati, ni jambo jingine kabisa.

Na hilo la "alijitolea" lina utamu wake kwa anayepokea. Waswahili wamesema mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hiyo haikutungwa kwa bahati mbaya. Zamani mgeni alikuwa anakuja na chochote, hata mkungu wa ndizi au kuku mkononi, na siku akifika nyumba nzima inakula vizuri kuliko jana. Mwenyeji alikuwa anapona kweli. Siku hizi mgeni anakuja na begi la nguo za kupigia picha na simu yenye chaji asilimia nane, anauliza "pauabenki unayo?"

Piga hesabu za jamaa. Kafunga biashara Jumamosi. Bajaji ya kutoka Kigamboni kalipa yeye, kwa sababu mwenyeji ndiye aliyeongea bei na dereva kamgeukia yeye. Mihogo ya Coco kalipa yeye, eti "mwanangu hapa ni kwangu". Bando la kurusha picha zote zile ni lake, simu yake ndiyo ina kamera nzuri. Na hii siyo habari ya huyu mmoja, ndiyo maana komenti zimejaa. Dar nzima kuna watu ambao kila sikukuu wanageuka kuwa dereva, mpiga picha, mbeba mizigo na benki, kwa sababu tu walitangulia kuja mjini.

Mzungu akishuka pale na kutaka mzunguko huohuo, Posta, Makumbusho, Feri, Kariakoo na mtu wa kumuelezea, anamlipa mtu wa kumtembeza na bahasha ya asante juu. Hakuna anayesema rafiki alipwe kama kampuni ya utalii. Ila ukijua kwamba kitu hicho kina bei, angalau mdomo wako utakuwa mwepesi kusema asante.

MBONA ANATUKANWA BIDADA?

Sasa kuna jambo limepita kimyakimya kwenye sakata hili. Ukisoma komenti, asilimia kubwa ya matusi yamemwangukia mwanamke. "Huyo dada ndiye kambadilisha." "Wanawake ndio wanaovunja urafiki wa wanaume." "Muone alivyomshikisha mtu pochi."

Ngoja kidogo. Huyu dada kamjua jamaa siku moja. Kwake yeye ni shemeji tu, mcheshi, anayejua mji. Rafiki wa miaka yote ni huyo mwanaume, aliyelala naye deka moja. Aliyetuma meseji ni yeye. Anayejua kwamba Jumamosi Kariakoo ni siku ya pesa ni yeye, maana wanaongea kila wiki. Na kwa mujibu wa jamaa, hata maneno yale yaliandikwa na mwanaume, kwenye akaunti ya mwanaume. Bidada yeye ndiye pekee aliyetuma meseji usiku ule, "Shem ahsante sana, leo nimefurahi."

Kwa hiyo anayesema asante ndiye anatukanwa, na aliyekaa kimya anaitwa mume bora. Hii tabia imezoeleka mno mitandaoni. Mwanaume akimtupa rafiki yake, kabla hajaulizwa yeye, anatafutwa mwanamke wa kubeba lawama. Kama mtu ni rafiki yako, heshima yake mbele ya mpenzi wako unailinda wewe. Shemeji atamchukulia rafiki yako vilevile unavyomchukulia wewe. Ukimwambia "mpe pochi ashike" mbele yake, utamlaumu vipi yeye akimpa na chupa ya maji?

NA MWENYEJI NAYE

Ili haki itendeke, jamaa naye hakutoka msafi. Namba ya rafiki yake anayo. Wameongea miaka na miaka. Kitu kikikuuma, unapiga simu, unasema, "Mwanangu, yale maneno yameniumiza." Angeweza kupata jibu la kiume, maandishi yangebadilishwa, leo wangekuwa wanacheka. Yeye akaenda kumwaga kwenye komenti, mbele ya watu ambao hawajui hata jina la shule waliyosoma. Akishamwaga, rafiki yake hawezi tena kuomba radhi bila kuonekana kashindwa. Na shemeji yake, aliyemshukuru, sasa anaamka na matusi ya watu asiowajua.

Tena kuna ugonjwa wa wenyeji wengi wa Dar, wa kutaka mgeni aone maisha ni mazuri. Hana hela lakini anakataa mgeni asilipe. "Acha, acha, hapa ni kwangu." Mgeni afanyeje? Anaamini. Hajui kwamba ile bajaji ndiyo ilikuwa kodi ya meza ya wiki. Ukificha hali yako asubuhi kwa ajili ya sifa, halafu usiku ukadai kwamba hukuonewa huruma, umemtegea mwenzako mtego asioujua. Kusema "mwanangu leo nimefunga biashara, tuchangie usafiri" hakumpunguzi mtu uanaume.

SASA IKOJE?

Wageni wa mjini, kabla hujatuma meseji ya "tuzungushe", uliza kwanza, "Jumamosi una nafasi au una kazi?" Swali dogo hilo linaokoa urafiki. Usafiri na chakula cha siku hiyo beba wewe, au gawaneni mapema kabla ya kutoka nyumbani, siyo dereva akiwa ameshanyoosha mkono. Pochi yako shika mwenyewe. Na picha moja, moja tu kati ya hamsini, piga na mwenyeji wako katikati, kisha mtaje jina. Haitapunguza mapenzi yenu hata kidogo.

Wenyeji nanyi, semeni hali zenu mapema. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hao walikuwa wazee na walijua kwamba hata ukarimu una mwisho wake. Hawakusubiri mgeni aondoke ndipo waanze kumsema kwa majirani.

Mpaka jana usiku picha ilikuwa bado ipo. Yale maneno "wawili tu" yameshafutwa, pameachwa alama ya moyo tu. Jamaa naye kafuta komenti zake zote. Wapo wanaosema wameshaongea, wapo wanaosema kila mtu kamzuia mwenzake. Mkono bado upo palepale kushoto, na pochi yake, na bado hauna jina.

Haya wadau, wewe ungekuwa mwenye mkono ungefanyaje? Ungepiga simu, ungekaa kimya, au ungemwaga kwenye komenti? Na wewe uliyewahi kuzungushwa mji na mtu ukarudi kwenu bila hata kumuuliza alitumia shilingi ngapi, simu yake unayo. Mpigie leo.