Makelele: tunalinda usingizi wa jirani, tunasahau sikio la aliye ndani

Kila mara tunapozungumza juu ya makelele hapa Lubumbashi, tunazungumza juu ya usingizi. Baa za Kamalondo na mikesha ya maombi ya Katuba zinalaumiwa kwa sababu majirani hawalali. Ni kweli, hawalali. Lakini nani anamfikiria kijana anayekesha ndani, mita mbili mbele ya bafle?

Mimi nilianza kumfikiria siku yaliponikuta. Nilikwenda kuandika habari za tamasha la kwaya, nikasimama kando ya bafle kwa saa 3 ili nipate picha nzuri. Usiku, chumbani kimya, nikasikia mlio mwembamba kama wa mbu asiyetua. Wengi wetu tunaujua mlio huo kwa sababu ya kinini: ukitumia dawa hiyo ya malaria masikio yanalia, ukimaliza yanatulia. Wangu ulitulia siku ya pili. Fundi wa sauti wa tamasha lile, mwenye zaidi ya miaka 10 katika kazi hiyo, aliniambia kwamba wake hautulii tena. Bila kuwasha redio hapati usingizi.

Ndani ya kila sikio kuna chembe zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi, zinazopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Sauti kubwa inazichosha, mwishowe inaziua. Zikifa hazioti tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mtu anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Ikifika 90, ni saa 4 tu. Mwaka 2022 shirika hilo lilipendekeza kwamba katika sehemu za muziki wastani usizidi desibeli 100, watu wapewe vizibo vya masikio, na pawe na kona tulivu ya kupumzikia.

Kipimo cha maskini kipo pia: kama unalazimika kumpigia kelele mtu aliye karibu hata kumgusa, sauti imepita kiasi. Pamba haisaidii sana.

Kuna watakaosema muziki wa chini hauna utamu. Hakuna anayeomba kimya. Tunaomba ofisi ya meya, inapotoa kibali cha baa, isiulize tu saa ya kufunga bali pia sauti ya ndani, mchana na usiku. Mwenye mashini ya kusaga unga awape wafanyakazi wake vizibo. Na wachungaji, kabla ya kununua bafle nyingine, watazame mstari wa kwanza. Mara nyingi ndipo wanapoketi watoto wa kwaya, chini kabisa ya bafle. Wawahamishe Jumapili hii.