Kabla ya Kubadilisha Moyo wa Simu

Kiebrania huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Simu nyingi za kwanza za Android, zilizoanza kuuzwa 2008, hazikuwa na herufi zake. Aliyetumiwa barua kutoka Israel aliona vijisanduku vitupu. Ndipo mafundi wa kujitolea wakaunda programu mpya za kuendesha simu, zenye herufi hizo, na watu wakazitia badala ya zile za kiwandani.

Je, nawe wajifunza Kiebrania na kutamani kufanya vivyo hivyo? Ngoja kwanza! Tangu Android 4.2 ya mwaka wa 2012, mpangilio wa kulia kwenda kushoto umo ndani ya simu. Tazama orodha ya lugha. Huenda hakuna cha kubadilisha.

Iwapo simu yako ni kuukuu, kumbuka kwamba kuifungua kufuli yake ili itiwe programu nyingine kwa kawaida hufuta kila kitu. Hifadhi picha na nambari kwingineko, ijaze chaji, na uhakikishe programu ni ya modeli hiyo hasa. Ukikosea, simu yaweza kufa kabisa. Tahadhari kabla ya hatari.